Dodoma tuogelee wapi? Uliza saa kabla ya hoteli

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu ni watumishi, ofisi zetu ziko Mtumba na tunakaa Ipagala. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Mwaka huu hela ya Zanzibar haipo, kwa hiyo tumekubaliana tupumzike hapa hapa mjini: Jumamosi moja tulale hotelini, watoto waogelee, sisi tukae tu bila kupika wala kufua. Nimeangalia picha za mabwawa ya hoteli mpaka yote yananifanania, maji ya bluu na viti vyeupe. Wewe unayeyatengeneza, ungekwenda lipi? Halafu mume wangu hajui kuogelea na anaona aibu. Yeye atafanya nini siku nzima?

Jibu: Dada yangu, salama kabisa. Umeanza na jambo la kweli bila kujua: picha zote zinafanana kwa sababu ile bluu ni ya vigae, maji yenyewe hayana rangi hiyo. Bwawa ambalo mimi nisingemruhusu mwanangu aingie linaweza kutoa picha nzuri sana saa 4 asubuhi, hakuna mtu ndani. Kazi hii nimeianza nikiwa kijana wa kushika wavu wa kuokotea majani, nikapanda hadi pampu na machujio, na siku hizi wikiendi nafundisha watoto kuogelea. Kwa hiyo hoteli nitakutajia, ila nivumilie kwanza. Dodoma ukichagua hoteli nzuri ukaenda saa mbaya, utarudi Ipagala na watoto wanaotetemeka.

Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mji wetu ni mkavu. Mvua ni ya Desemba hadi Aprili, basi. Miezi mingine ni jua, vumbi na upepo. Hewa kavu yenye upepo inayanywa maji ya bwawa mchana na usiku, na maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar anashangaa: jua linachoma, lakini akitia mguu anaurudisha. Kule kwao maji yanakaa ya uvuguvugu mwaka mzima kwa sababu hewa imeshiba unyevu. Huku bwawa linapoa lenyewe kama mtungi wa udongo uliowekwa kivulini.

Juni, Julai na Agosti usiku wetu unashuka hadi nyuzi 13 au 14, na mabwawa mengi ya hoteli hayana mtambo wa kupasha maji. Asubuhi yake maji ni barafu. Watoto wataingia kwa kelele, dakika kumi baadaye midomo imekuwa ya zambarau, na kila mtu anakasirika. Miezi hiyo ukilazimika, nenda mchana tu, usilipie chumba kwa ajili ya kuogelea. Miezi yangu mimi ni kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mvua zinapoanza. Oktoba na Novemba mchana unapita nyuzi 30, usiku hauna ukali, na maji yanakuwa yamekusanya joto la wiki nzima.

Kuhusu saa: maji yanapata joto polepole kuliko hewa. Saa 6 mchana hewa inawaka lakini bwawa bado linajikusanya. Maji yanafikia uzuri wake kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni. Bahati nzuri ndio muda ambao jua limelegea. Na jua letu usilidharau. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa. Mwavuli wa kando ya bwawa unakupa kivuli cha upana wake tu. Mtoto aliyemo majini hana hata hicho, na maji yanamdanganya kwamba hachomeki. Kwa hiyo fikeni hotelini saa 8, kuleni, watoto wapumzike kidogo, waingie saa 9 na nusu. Asubuhi ya Jumapili walale mpaka wachoke kulala. Ukifanya hivyo, hata bwawa la kawaida litakufurahisha.

Kuna na kalenda ya mji huu ambayo unaijua kuliko mimi. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni. Wakati huo vyumba vinajaa, bei haina huruma, na kando ya bwawa utakuta meza za watu wenye faili na simu mbili mbili, wanaongea kwa sauti ya chini mpaka saa 5 usiku. Hakuna ubaya, lakini si mapumziko. Subiri Bunge liahirishwe. Bunge lisipokaa hoteli zinatafuta watu, na ukipiga simu mwenyewe bila kupitia mtandao mara nyingi watakupunguzia, au watakuwekea kitanda cha watoto bila kukutoza.

Sasa maji yenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye siri.

Maji ya Dodoma kwa miaka mingi yametoka visima vya Makutupora na Mzakwe, kaskazini ya mji. Ni maji ya ardhini, yana chumvichumvi na chokaa. Angalia birika lako la chai utaona. Hoteli ikiyajaza bwawani, jua na upepo vinaondoa maji matupu, chokaa inabaki. Wanaongeza mengine, yanakauka, chokaa inabaki tena. Baada ya msimu mmoja wa kiangazi bwawa lina chokaa kuliko kisima lilikotoka. Ule mstari mweupe, mkavu, unaokwaruza kidole pale maji yanapogusana na vigae, ndio huo. Si uchafu na haumdhuru mtoto. Ila unakupa habari: maji haya ni ya zamani, hayajapunguzwa na kubadilishwa kwa muda. Ukipitisha kidole pale pale ukakuta utelezi badala ya ukavu, hiyo ni habari nyingine. Utelezi ni mwani unaoanza, au mafuta ya jua waliyojipaka watu, na jasho lao. Hapo mimi navaa viatu vyangu.

Maji ya chokaa yana tabia ya pili. Yanapandisha pH, kile kipimo kinachoonyesha maji yameelekea asidi au yameiacha. Bwawa zuri linakaa kati ya 7.2 na 7.8, likipita 8, klorini inakuwepo lakini imelegea, haiui vijidudu kwa kasi inayotakiwa. Na kwa bahati mbaya ile klorini ya unga ambayo wengi wetu tunaitumia ina kalsiamu ndani yake, kwa hiyo kila kikombe unachomwaga kinaongeza chokaa juu ya chokaa. Fundi anayejua mji huu anaweka asidi kidogo kidogo, anapunguza maji kila baada ya muda, na hasubiri yabadilike rangi.

Tena kuna jua. Klorini isiyo na kinga, ikipigwa na jua kali, nusu yake inaweza kupotea ndani ya saa moja. Vidonge vya klorini huwa vina kinga hiyo, asidi ya sianuriki, lakini nayo ikizidi inaifunga klorini mikono. Nilipokuwa kijana, kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja, pampu iliharibika Jumatano na ikatengenezwa Ijumaa mchana. Maji yalikuwa yameanza ukijani na Jumamosi kulikuwa na sherehe ya watoto. Bosi akasimama pale na tai yake, akasema mwaga ndoo nzima. Ilikuwa saa 7, jua la Novemba. Nikamwaga. Kufikia jioni sehemu kubwa ilikuwa imeliwa na jua, akasema mwaga tena, nikamwaga usiku bila kupima. Asubuhi maji yalimeta kama kioo. Watoto wakatoka macho mekundu kama nyanya, mmoja wao anakohoa mpaka mama yake akamchukua wakaondoka. Maji yalikuwa safi kwa macho. Tangu siku ile sijawahi kumwaga dawa bila kupima, na sijawahi kuamini maji kwa kuyatazama tu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ukipiga simu si «bwawa lenu ni safi?» Hakuna mpokezi atakayejibu hapana. Uliza hivi: «Maji mnayapima saa ngapi, na leo klorini imesoma ngapi?» Jibu zuri ni kati ya milligramu 1 na 3 kwa lita, lakini hata namba yenyewe si muhimu kama jinsi linavyokuja. Akikwambia «subiri nimwite kijana wa bwawa», na kijana akaja akataja namba bila kufikiri, nenda. Akikwambia «tunaweka dawa kila siku mama, usijali», mimi ningejali. Mahali pengine utakuta ubao mdogo umetundikwa karibu na pampu una tarehe, saa na namba mbili, ya klorini na ya pH. Nikiuona ubao huo umeandikwa leo asubuhi, nafsi yangu inatulia kuliko kuona viti vipya.

Ukifika, kabla ya kulipa, simama upande wa kina kirefu utazame chini. Lile tundu la sakafuni linalonyonya maji lazima ulione vizuri, na kifuniko chake kiwe kimekaza. Kama unaliona kwa ukungu ukungu, usiingize mtoto, hata kama maji yananukia usafi. Maji yasiyoonyesha sakafu hayamwonyeshi pia mtoto aliyezama. Kifuniko kikilegea, nywele ndefu zinaweza kunyonywa. Kisha nusa. Watu wengi wanadhani harufu kali ya «dawa» ni dalili ya maji salama. Ni kinyume chake: klorini iliyo huru hainuki sana, inanuka ikishashikana na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa halina harufu ya kukuchoma pua. Na usikilize pampu. Saa 10 alasiri, watu wakiwa wengi, pampu ikiwa kimya maana yake wanabana umeme juu ya mgongo wa mwanao.

Sasa hoteli, maana naona unaanza kuchoka.

Mimi ningeanza na New Dodoma Hotel, ile ya zamani karibu na stesheni ya reli, ambayo wazee bado wanaiita hoteli ya reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na mji umekua kuizunguka, kwa hiyo uko katikati kabisa. Sababu yangu si historia, ni upepo. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki, na unabeba vumbi. Bwawa lililokaa uani, majengo yakilizunguka, linapata utulivu ambao bwawa la uwanja wazi halina: maji hayapoi haraka, vumbi linapungua, na mtoto akitoka amelowa hapigwi na baridi. Majani ya bustani yataanguka majini, ndiyo, lakini jani linaokotwa kwa wavu. Vumbi linazama.

Morena nayo ina bwawa la nje, na kama shemeji ni mtu wa kupenda chumba cha kisasa na kifungua kinywa cha meza ndefu, atafurahi zaidi huko. Hizi hoteli kubwa za mikutano tatizo lao ni siku, si maji. Uliza kama Jumamosi hiyo kuna harusi au kongamano. Bwawa lenye spika nne kando yake halipumzishi mtu.

Kuna kundi la tatu, zile hoteli ndogo mpya zilizoota pembezoni mwa mji miaka hii tangu serikali ihamie. Nyingine nzuri sana, tulivu, unaona vilima. Lakini nyingi zimechimba bwawa la umbo la kupendeza lisilo na upande wa kina kifupi, linaanza moja kwa moja na kina cha mita moja na robo. Mwanao wa miaka 5 hasimami hapo. Usiulize «mna upande wa watoto?» Uliza kina kwa sentimita. Bwawa la watoto lizidi nusu mita kidogo tu, na kubwa lianze chini ya mita moja ukiweza kulipata. Sijazitaja kwa majina kwa sababu hoteli ndogo inabadilika na kijana mmoja akiacha kazi. Ile iliyokuwa safi Pasaka inaweza kuwa na maji ya ndimu kufikia Sabasaba.

Kama mtabadili mawazo msilale, hoteli nyingi zinapokea watu wa mchana kwa kiingilio. Uliza kama kiingilio hicho kinakatwa kwenye chakula, na kama watoto wanalipa nusu. Zabibu mlizonunua barabarani zibaki kwenye gari. Wanakataza vyakula vya nje, na kusema kweli mbegu za zabibu nimeshazitoa kwenye chujio mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kuna watu watakwambia hela ya kiingilio ya nini, nendeni Hombolo au Mtera mkaogelee bure. Dada, nendeni mkale samaki. Hombolo ni maji yaliyotulia, yenye majani kingoni, mahali konokono wa kichocho wanapopapenda. Mtera ina mamba na viboko. Huku kwetu katikati ya nchi hatuna ziwa la kuogelea kwa raha, ndiyo maana bwawa la hoteli halikuwa anasa kwangu hata nilipokuwa na mshahara mdogo.

Mavazi: kama unapenda stara, vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima linakubalika mahali pengi, mradi ni kitambaa cha kuogelea. Wanapokataa, wanakataa pamba. Dera au kanga inakunywa maji, inakuwa nzito, inakuvuta chini, na nyuzi zake zinaziba chujio. Uliza kabla, usije kufika ukaaibishwa na mlinzi. Nywele zilowesheni kwa maji ya bomba kabla ya kuingia, zikishashiba hazitakunywa sana ya klorini. Mafuta ya nywele msipake, kofia ya kuogelea ni bora. Na wote muoge kwanza. Si adabu tu. Lile jasho mnaloliacha bafuni ndilo lingekuja kuwa harufu.

Watoto wawili, wazazi wawili. Hesabu hiyo inaonekana rahisi na ndiyo inayoua, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Kinywa kiko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, yuko wima kama anayepanda ngazi, na ndani ya dakika moja amekwisha. Hata kama hoteli ina mwokoaji, na Jumamosi nyingi utakuta ndiye huyo huyo anayegawa taulo, wekeaneni zamu za dakika ishirini. Mwenye zamu hashiki simu. Wa miaka 5 awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa, na zile boya za kuvalisha mikononi usizihesabu kama ulinzi, zinachomoka. Jaketi la kuokolea linalombana vizuri ni jambo jingine, nunua lako. Ngurumo ikisikika, hata mbali, wote nje.

Nimemwacha shemeji mwisho makusudi. Nimefundisha watu wazima wengi wa mji huu, na wengi ni wanaume waliokulia mahali ambapo maji ya kina ni yale ya kisima. Aibu yao haiko kwenye maji, iko kwenye macho ya watu. Kwa hiyo mpe saa isiyo na watu: Jumapili, saa 8 mchana, familia nyingi zikiwa bado hazijarudi kutoka kanisani na mezani. Asimame upande ambao maji yanamfika kifuani. Ashike ukingo kwa mikono yote miwili, avute pumzi, aingize uso, atoe hewa taratibu kwa puani akihesabu mpaka tano. Arudie mara kumi. Hilo peke yake, siku hiyo, linatosha kabisa. Kama akipata hamu ya zaidi, akiwa bado ameshika ukingo aache miguu ipande nyuma yenyewe, asiipige. Itapanda. Mwili wa mtu ukiwa na hewa mapafuni unaelea, ila hakuna anayeamini mpaka aione miguu yake mwenyewe imekuja juu.

Mtoto wako wa miaka 9 atataka kumfundisha. Mruhusu, ila wewe kaa kwenye ukingo karibu nao, miguu majini, simu iwe ndani ya mkoba.